Kabla ya chemba ya oksijeni, mvueni mgonjwa soksi

Swali lilitoka kwa mzee mmoja wa Katwe, mchimba chumvi aliyeacha kazi bila kupenda. Nilikuwa natoka Mweya kufuatilia malalamiko ya wavuvi kuhusu mipaka ya hifadhi, nikasimama njiani kununua maji. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya duka, mguu wa kushoto ameuweka juu ya kreti ya soda, umefungwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa cheupe. Aliposikia kwamba mimi ni mwandishi wa habari, alimwita mjukuu wake alete simu.

"Mwanangu, wewe unazunguka nchi zote hizi. Hebu nisikilizie hii."

Ilikuwa sauti inayosambazwa kwa WhatsApp, ya mtu mwenye Kiswahili cha kujiamini, akieleza kwamba huko mjini kuna mashine ya oksijeni inayoponya vidonda vya kisukari bila mtu kukatwa mguu. Unaingia, unalala, unavuta hewa safi, kidonda kinafunga. Vikao thelathini. Bei ilitajwa mwishoni, haraka haraka, kama wanavyofanya wauza dawa ndani ya basi. Mzee alikuwa amekwisha kupiga hesabu: mbuzi wote, pamoja na kipande cha kahawa alichoachiwa na baba yake huko juu Bwera.

"Ni kweli au ni uongo?"

Nilimwambia nitamtafutia jibu. Nimeuliza, nimesoma, na kwa kuwa najua sauti ile imefika kwenye simu nyingi kutoka Kasese hadi Beni, jibu naliandika hapa. Mimi si daktari. Lakini kazi yangu ni kufuatilia mambo yanayovuka mipaka, na kisukari kinavuka mpaka wa Mpondwe kila siku bila kugongewa muhuri.

Kwanza, tiba yenyewe ipo. Mtu anaingizwa ndani ya chemba iliyofungwa, shinikizo linaongezwa hadi mara mbili au mbili na nusu ya lile la kawaida, naye anavuta oksijeni tupu kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Watu wa huku wanaweza kuielewa haraka kuliko watu wa pwani, kwa sababu tuna mlima. Waongozaji wa wageni wanaopanda Rwenzori wanajua kwamba kadiri unavyokaribia kilele cha Margherita, mita 5,109, hewa inakuwa nyepesi, kichwa kinauma na hatua kumi zinachosha kama mia. Huko juu shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la ufukweni. Chemba inafanya kinyume cha mlima. Ni kama kumteremsha mtu baharini mita kumi hadi kumi na tano chini ya maji, ila anabaki mkavu, anavuta oksijeni na kusikiliza redio.

Faida yake inatokana na jambo ambalo kila aliyefungua soda analijua: gesi ikibanwa inaingia kwenye maji, ikiachiwa inatoka. Kwa kawaida oksijeni husafiri mwilini ikiwa imebebwa na chembe nyekundu za damu. Ndani ya chemba, kiasi kikubwa zaidi kinayeyuka kwenye maji ya damu yenyewe na kufika hata pale ambapo mishipa imekuwa myembamba. Kidonda kinachokosa hewa kinapata hewa. Askari wa mwili wanaopigana na vijidudu wanapata nguvu, na mishipa midogo mipya inaweza kuanza kuota. Huo si uganga. Ni elimu iliyotokana na wapiga mbizi na wajenzi wa madaraja waliokuwa wakifanya kazi chini ya maji.

Tatizo la sauti ile ya WhatsApp ni kwamba ilisema robo ya habari.

Mwaka 2010 madaktari wa Sweden walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 94 wenye vidonda sugu vya miguu kutokana na kisukari. Wote walipata matunzo ya kawaida. Nusu walivuta oksijeni ndani ya chemba, nusu waliingia kwenye chemba hiyo hiyo lakini wakavuta hewa ya kawaida bila kujua. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya waliopewa oksijeni walikuwa wamepona kidonda, dhidi ya asilimia 29 ya wengine. Ni tofauti kubwa, na wauzaji wa mashine wanaipenda sana. Wasichopenda kukisema ni kilichofuata. Mwaka 2016 utafiti wa Canada haukuona kwamba chemba imepunguza haja ya kukata miguu. Mwaka 2018 Waholanzi wakatoa wa kwao, wagonjwa 120 ambao damu haikuwa ikifika vizuri miguuni, na hawakupata tofauti ya kutosha kusema kwa uhakika kwamba chemba imeokoa miguu. Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari iliyotolewa mwaka 2023 inaitaja tiba hii kwa tahadhari: inaweza kufikiriwa kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wale ambao damu haifiki vizuri, matunzo ya kawaida yakiwa yameshindwa, na mahali ambapo uwezo upo.

Yasome maneno hayo tena: matunzo ya kawaida yakiwa yameshindwa. Hayasemi matunzo ya kawaida yakiwa hayajawahi kutolewa.

Katika utafiti wa Uholanzi kuna jambo lililonishika kuliko asilimia zote. Zaidi ya theluthi moja ya waliopangiwa chemba hawakumaliza vikao. Hii ni Uholanzi, nchi ndogo, tambarare, yenye treni na bima ya afya. Utaratibu wa tiba hii ni vikao thelathini hadi arobaini, siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki. Sasa mchukue mama wa Bwera mwenye mguu unaotoa usaha, mpandishe bodaboda, kisha basi hadi Kampala, karibu kilomita 400, halafu mtafutie mahali pa kulala kwa wiki nane. Nani atapalilia? Nani atamlipia chakula yeye na binti anayemuuguza? Hata kama chemba ingekuwa ya bure, ingemfilisi.

Kuna pia hatari zisizotajwa kwenye sauti ile. Masikio huumia kwa shinikizo. Sukari ya mgonjwa inaweza kushuka ghafla akiwa ndani. Mwenye mapafu yaliyotoboka hatakiwi kabisa kuingia. Na oksijeni nyingi mahali palipofungwa ni kuni zinazosubiri cheche: mwishoni mwa Januari 2025, mtoto wa miaka mitano alifariki katika jimbo la Michigan, Marekani, baada ya chemba aliyolazwa kuwaka moto katika kituo cha watu binafsi. Ikiwa Marekani, yenye wakaguzi wa kila aina, linatokea hilo, mimi ningependa kujua nani anakagua mashine zinazotangazwa kwenye simu ya mzee wa Katwe.

Ukanda wetu hauna uhaba kamili wa chemba hizi. Zanzibar kuna huduma iliyowekwa kwa ajili ya wapiga mbizi, na huko Mombasa jeshi la wanamaji la Kenya lina ya kwake. Utaona kwamba zote ziko baharini, na sababu ni rahisi: zilinunuliwa kumwokoa mtu aliyepanda juu ya maji haraka mno. Hakuna aliyezipanga akiwa na mguu wa mkulima kichwani.

Kuna aina nyingine ya tiba ya oksijeni, ambayo haihitaji chemba. Mguu tu ndio unaofungwa kwenye mfuko au kifaa maalumu, na oksijeni inapelekwa moja kwa moja juu ya kidonda, hata nyumbani. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba baada ya wiki 12, vidonda vya asilimia 41.7 ya waliotumia kifaa hicho vilikuwa vimefunga, dhidi ya asilimia 13.5 ya waliopewa kifaa cha bandia. Ni matokeo ya kutia moyo, ingawa wagonjwa walikuwa 73 tu na mtengenezaji wa kifaa ndiye aliyefadhili. Nikilazimishwa kuchagua ni oksijeni ipi ije Kasese kwanza, ningechagua hii.

Lakini hapo ndipo swali gumu linapoanza, kwa sababu oksijeni ya Kasese ina foleni.

Sote tunakumbuka miaka ya korona, mitungi ilipokuwa inatafutwa kama dhahabu. Tangu hapo mitambo ya kuzalisha oksijeni imeongezwa kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na hilo ni jambo la kupongezwa. Vituo vidogo vilivyo mbali na barabara ya lami ni habari nyingine. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika hapa hapa Uganda, katika vituo 20, ambako mashine za oksijeni ziliendeshwa kwa umeme wa jua. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano waliofikishwa wakiwa na upungufu wa oksijeni vilipungua kwa karibu nusu. Karibu nusu! Kwa paneli, betri, na mashine inayokaa pembeni ya kitanda. Mtoto mwenye nimonia anayehema kwa mbavu huko Kisinga, au ng'ambo huko Kasindi, anakufa ndani ya saa chache. Kidonda cha mguu kinasubiri, ingawa hakisubiri sana. Yeyote anayetaka kuleta oksijeni ya vidonda katika wilaya hii aniambie kwanza kwamba ile ya mapafu ya watoto imetosha.

Basi mzee wa Katwe afanyeje? Ili kujibu, lazima nieleze kidonda chake kilivyoanza, maana hapo ndipo hoja yangu yote ilipo.

Wachimba chumvi wa Katwe husimama ndani ya maji ya ziwa yenye chumvi kali, wakivunja matabaka magumu yaliyo chini na kuyavuta hadi ukingoni. Wengine, wengi wao kina mama, wanafanya kazi kwenye vitalu vya pembeni ambako maji yanaachwa yakauke. Ngozi inachanika, inakauka, inachanika tena. Watu wamezoea maumivu hayo kiasi kwamba mtu akisema hayasikii tena, wenzake wanamwona amekomaa. Wapo wanaoamini kwamba chumvi inaosha kidonda kisioze. Mzee aliniambia miaka yake ya mwisho kazini alikuwa na bahati: miguu haikuwa ikimuuma kabisa.

Haikuwa bahati. Kisukari kilikuwa kimekula mishipa ya fahamu, miguu imekufa ganzi. Siku moja alivua buti za mpira jioni akakuta kipande cha jiwe la chumvi ndani, na chini ya dole gumba pamechimbika shimo. Alikuwa ametembea nalo kutwa nzima. Hata wakati huo hakujua kwamba ana kisukari. Alifunga kitambaa, akarudi kazini.

Hayuko peke yake katika kutojua. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Uganda mwaka 2014 ulikuta kwamba karibu nusu ya watu wenye kisukari hawakuwa na habari kwamba wanacho. Kwa Afrika nzima, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huu hawajatambuliwa. Wengi wanaujua ugonjwa wao siku ile ile wanayoonyeshwa fomu ya kukubali kukatwa mguu.

Mzee alikwenda kwenye zahanati moja, siitaji, mara tatu ndani ya miezi miwili. Mara zote tatu alipewa vidonge vya kuua vijidudu. Mara ya tatu akapimwa sukari, ikaonekana iko juu, akapewa dawa ya sukari. Nilimuuliza: je, kuna aliyekuvua kiatu akaangalia mguu wa pili? Akacheka. Mguu wa pili hauumwi, uangaliwe kwa nini?

Hicho kicheko ndicho kilichonifanya niandike. Miguu yetu haipotei kwa kukosa chemba. Inapotea kwenye benchi la kusubiria, ndani ya kiatu, huku mgonjwa akiandikiwa dawa na mtu ambaye hajainama. Simlaumu sana muuguzi mwenye foleni ya watu themanini. Namlaumu yule anayepanga kazi yake na kumhesabia wagonjwa aliowamaliza, wala si aliowaangalia.

Na kuangalia kwenyewe hakuhitaji mashine. Huko Uingereza, katika mji wa Ipswich, madaktari walithibitisha njia ambayo mjukuu wa mzee yule anaweza kufundishwa kwa dakika tano. Mgonjwa anafumba macho. Unamgusa kwa ncha ya kidole, taratibu, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha za vidole vitatu vya kila mguu: dole gumba, cha katikati na cha mwisho. Asiposikia mguso kwenye viwili au zaidi kati ya hivyo sita, mguu huo uko hatarini, achungwe. Kisha unaweka vidole juu ya unyayo na nyuma ya kifundo kutafuta mapigo ya damu. Yakikosekana, huyo ndiye anayehitaji kupelekwa haraka kwa daktari wa upasuaji, na pengine siku moja ndiye atakayefaidika na chemba. Wengine wanahitaji kidonda kisafishwe, nyama iliyokufa ikatwe, sukari ishuke, na uzito uondolewe juu ya kidonda.

Hili la uzito halisemwi vya kutosha. Mtu mwenye ganzi anakanyaga kidonda chake mara elfu kadhaa kwa siku kwa sababu hakimuumi. Unaweza kumpa oksijeni ya dunia nzima. Akitoka kwenye chemba na kutembea juu ya kidonda hicho hadi kituo cha basi, amebomoa kilichojengwa. Dawa yake ni plasta ngumu inayofungwa mguu mzima kwa ustadi ili uzito usambae, au kiatu kilichochongwa kikaacha nafasi pale penye kidonda. Elimu hiyo si ngeni kwetu. Ilipevuka kwenye ukoma, ugonjwa mwingine unaoua hisia za miguu. Hapo Ziwa Bunyonyi, kusini mwetu, kisiwa cha Bwama kilikuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma tangu mwaka 1931, na kwenye makazi ya aina hiyo watu walijifunza kukagua miguu kila jioni na kushona ndara za mpira laini. Ukoma ulipopungua, tukafunga vitabu. Sasa ganzi imerudi kwa jina jingine, nasi tunajifanya hatujawahi kuiona.

Tanzania walifanya hesabu hii mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dk Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walianzisha mradi wa mguu wa kisukari uliokwenda hatua kwa hatua. Kila eneo lilileta watu wawili, daktari na muuguzi, wakafundishwa pamoja, wakapewa vifaa vya msingi, wakarudi kwao kufundisha wengine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha watu wengi zaidi wakitibiwa mapema na hali ya kukatwa miguu ikipungua kwenye maeneo yaliyoshiriki. Kikundi hicho hicho ndicho kilichoandika kuhusu panya wanaowang'ata wagonjwa miguu usiku wakiwa wamelala, nao wasisikie chochote hadi wanapoona damu asubuhi. Niliposoma hilo nilifikiri ni jambo la ajabu. Nilipomsimulia mama mmoja wa Mpondwe, hakushtuka. Alisema kwao dawa ni kulala na soksi.

Ninachojiuliza ni kwa nini ujuzi huo haukuvuka mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki imegawana vituo vya umahiri: saratani Uganda, figo Kenya, moyo Tanzania. Ni mpango mzuri kwenye karatasi, na majengo yanaonekana. Lakini mguu wa kisukari hauna nchi iliyopewa, kwa sababu hauhitaji jengo. Unahitaji jozi ya daktari na muuguzi kutoka Bwera wakae mwezi mmoja Dar es Salaam, na jozi nyingine kutoka Beni iungane nao. Kongo imekuwa mwanachama tangu mwaka 2022. Banande wa upande ule na Bakonzo wa upande huu ni watu wamoja, wanaelewana lugha, wanaoana, wanazikana. Mgonjwa wa Kasindi anakuja kutibiwa Bwera kwa sababu ni karibu, kisha anarudi kwao na hakuna anayejua kama bendeji ilibadilishwa.

Tusiambiwe haiwezekani. Juni 2019, Ebola ilipovuka Mpondwe pamoja na familia iliyotoka mazikoni Kongo, tuliona serikali mbili zinavyoweza kufanya kazi zikitaka. Kila aliyepita alipimwa joto na kunawa mikono. Taarifa za wagonjwa zilivuka mpaka kwa simu siku hiyo hiyo. Wahudumu wa Bwera na Kagando walibeba mzigo uliotutisha sote, na ugonjwa haukusambaa. Kisukari hakimtishi jirani, ndiyo maana hakina hema mpakani. Kinamla mtu mmoja mmoja, kuanzia vidole, na familia inalipa kimya kimya.

Nami nina neno kwa upande wetu wa lugha. Kwenye ukuta wa zahanati moja niliona bango la kisukari lenye picha nzuri ya mguu na maelezo ya Kiingereza kitupu, katika mji ambao sokoni kwake watu hupatana bei kwa Kiswahili na Lhukonzo. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Yule mwenye sauti ya WhatsApp hakusubiri baraza. Alisema Kiswahili, akaeleweka kuanzia Katwe hadi Butembo, na karibu auziwe shamba la kahawa. Wizara nayo itume sauti. Dakika mbili zinatosha: kagua miguu kila jioni, kung'uta buti kabla ya kuvaa, usitembee peku, usikanyage maji ya moto kupima kama mguu unasikia, kidonda kikizidi siku mbili nenda ukaonyeshe, na ukifika kwa musawo vua kiatu mwenyewe hata kama hajakuambia.

Kama baada ya hayo yote bado kuna mtu ambaye damu yake imeangaliwa, mishipa imezibuliwa pale inapowezekana, kidonda kimetunzwa vizuri na bado kinakataa, huyo nitampigania apate chemba. Nitapenda Jumuiya ikubaliane juu ya kituo kimoja au viwili, vyenye wakaguzi na bei inayojulikana, ambako mgonjwa wa Kasese, wa Goma au wa Kigoma anapelekwa kwa barua ya daktari na ana mahali pa kulala. Kinachonikera ni kuona chemba ikianza kuuzwa rejareja kabla ya vijiti vya kupimia sukari kufika Katwe.

Kuna mambo mengine yanayoudhi ukiyaona kwa jicho la eneo hili. Mweya kuna uwanja mdogo wa ndege. Mgeni aliyekuja kutazama viboko wa Mfereji wa Kazinga akiugua, ndege inaweza kumfuata. Sina kinyongo naye, amelipia bima yake, na fedha za wageni zinatufaa. Lakini kutoka uwanja huo hadi benchi la mzee wangu ni mwendo mfupi tu wa gari.

Nilirudi Katwe wiki tatu baadaye. Mzee alikuwa hajauza kitu. Binti yake alikuwa amempeleka hospitali nyingine, ambako muuguzi kijana alimvua viatu vyote viwili, akamgusa vidole akiwa amefumba macho, na kumwambia kwamba mguu wa kulia nao umeanza kufa ganzi. Kidonda kilisafishwa hadi kikaonekana kikubwa kuliko mwanzo, jambo lililomkasirisha sana binti. Mapigo ya damu yalikuwepo. Alifungwa plasta, akapewa magongo, akaambiwa arudi kila Alhamisi.

Kidonda hakijafunga. Alipoenda Alhamisi ya pili, vijiti vya kupimia sukari vilikuwa vimekwisha, akaambiwa anunue duka la dawa. Amesikia kwamba ng'ambo, Kasindi, vinauzwa bei nafuu kidogo, na aliniuliza kama akimtuma mjukuu wake avuke navyo, watu wa forodha watamsumbua. Nilimwambia nitauliza.